Kutoa, Kupa na Kuazima katika Igizo la Wakefield la Kaini na Habili
Makala hii inachunguza maneno ya kutoa katika igizo la Kiingereza la Kaini na Habili lililomo katika hati ya Towneley. Neno "offer" liliingia katika Kiingereza cha Kale kutoka Kilatini cha Kanisa, likimaanisha kutoa dhabihu; "give" ni neno la asili ya Kigermanik, lililotumika kwa kupeana kwa kila namna. Igizo linayapambanisha maneno hayo. Habili anapomhimiza nduguye alipe zaka, Kaini anajibu kwamba sarafu aliyoitoa mara ya mwisho ingali mkononi mwa kasisi, na kwamba Mungu hampi kitu ila huzuni. Habili anashikilia kuwa mali yote ni azima ya neema ya Mungu. Hivyo kutoa ni kurudisha. Kwa Kaini, asiyepewa hadaiwi. Anahesabu miganda yake akijibakizia iliyo bora, na moshi wa sadaka yake unamkaba. Hatimaye igizo linamhukumu Kaini kuwa muuaji, lakini kabla ya hapo linamwachia aseme kama mkulima wa Uingereza aliyechoshwa na zaka. Kwa hiyo, malalamiko dhidi ya Kanisa yalisikika jukwaani kupitia kinywa cha mwenye hatia.