Pengo la kidijitali katika elimu

Pengo la kidijitali katika elimu ni tofauti kati ya wanafunzi wanaoweza kusoma kwa mtandao na wasioweza, kwa kukosa umeme, vifaa, intaneti, pesa za bando au ujuzi wa kuvitumia.

Pengo hilo lilidhihirika mwaka 2020, shule zilipofungwa kutokana na UVIKO-19. UNICEF ilikadiria kuwa wanafunzi wasiopungua milioni 463 duniani, takriban theluthi moja, hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali. Nchini Kenya, vipindi vya masomo vilirushwa pia kwa redio na runinga.

Watafiti hutaja ngazi tatu za pengo hili: upatikanaji, ujuzi wa matumizi, na manufaa. Kugawa vifaa pekee hakutoshi: tathmini ya mpango wa One Laptop per Child (kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto) nchini Peru haikuona ongezeko la alama za hisabati na lugha. Kinyume chake, jaribio lililofanyika Botswana mwaka 2020 lilionyesha kuwa ujumbe mfupi, ukiambatana na maelekezo ya kila wiki kwa simu ya kawaida, uliinua ujuzi wa hesabu. Mtoto asiye na intaneti bado anaweza kufikiwa, mradi mafunzo yafuate kifaa kilichopo nyumbani kwao.