Bei ya muda: kutoka Guangzhou na Zanzibar hadi fedha za kidijitali

Mji wa Xintang uko katika wilaya ya Zengcheng, mashariki mwa jiji la Guangzhou, kando ya mto Dongjiang. Tangu miaka ya 1980 mji huo umejulikana kwa ushonaji wa suruali za jinzi, na jina lake si geni kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda Guangzhou kununua nguo. Kwa kawaida mnunuzi hutanguliza sehemu ya malipo, husubiri mzigo ushonwe, kisha hulipa salio. Katika kipindi hicho cha kusubiri, fedha za salio hukaa bila kazi. Siku hizi wapo wanaoshawishiwa kuziweka katika mifumo ya fedha za kidijitali isiyo na benki wala mamlaka ya kati, inayotangaza faida isiyobadilika: ya miezi mitatu, ya miezi sita au ya mwaka mmoja. Je, mtu atalinganishaje ahadi zenye muda tofauti? Swali hilo ni la zamani, na Guangzhou yenyewe iliwahi kulijibu kwa gharama kubwa.

Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, serikali ya enzi ya Qing iliruhusu biashara ya baharini na nchi za Ulaya ifanyike Guangzhou peke yake, chini ya kundi dogo la wafanyabiashara Wachina waliopewa kibali. Wafanyabiashara hao walihitaji fedha za kununulia chai na hariri mapema, kabla ya meli kuwasili. Waingereza binafsi waliwakopesha kwa riba ya asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka, wakati ambapo sheria ya Uingereza ilikataza riba inayozidi asilimia 5. Tofauti hiyo iliwavutia wengi, na mikopo iliyoiva ikawa inafanywa upya pamoja na riba yake.

Mnamo mwaka 1780 nyumba mbili za biashara zilizolemewa na madeni zilivunjwa, na wenyewe wakapelekwa uhamishoni Yili, katika mpaka wa magharibi wa dola. Serikali iliamuru wafanyabiashara waliobaki walipe madeni hayo kwa awamu, katika muda wa miaka 10, bila riba. Tutazame maana ya amri hiyo. Mtu aliyekuwa akidai 100 sasa angepata 10 kila mwaka. Kwa kipimo cha riba yake mwenyewe ya asilimia 20, ahadi hiyo mpya ilikuwa na thamani ya karibu 42 tu. Hakuna aliyemnyang'anya fedha zake. Ni muda uliorefushwa, na zaidi ya nusu ya thamani ikapotea. Utaratibu huo wa wafanyabiashara kudhaminiana ulisikika hadi Marekani, ambako mwaka 1829 jimbo la New York liliutumia kama mfano lilipoanzisha mfuko wa kulinda madeni ya benki zake.

Katika karne hiyohiyo ya 19, Zanzibar nayo ilikuwa ikiishi kwa mikopo. Matajiri wenye asili ya India, kama Taria Topan, walitoa nguo na shanga kwa mkopo kwa misafara ya bara, nayo misafara ikalipa kwa pembe za ndovu. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliondoka mnamo mwaka 1870 kwa msaada wa Taria Topan, na hakurejea Zanzibar hadi mwaka 1882. Mkopeshaji wa msafara, basi, hakujua siku ambayo deni lake lingeiva.

Kwa kuwa riba ni haramu katika Uislamu, pwani ilitumia pia bei khiyari. Mwenye shamba au nyumba aliiuza kwa kupokea fedha taslimu, akabaki na hiari ya kuikomboa katika muda uliokubaliwa, huku akiendelea kuitumia na kumlipa mnunuzi kodi. Wanazuoni walibishana kuhusu uhalali wake, lakini hesabu yake ilikuwa wazi: mali yenyewe ilitengwa na mapato yake, na kila kimoja kikapewa bei.

Mifumo ya kidijitali kama Pendle, iliyoanza mwaka 2021, inafanya utenganisho unaofanana na huo. Mtu hununua hati ya mtaji pekee kwa bei pungufu, kisha siku ya kuiva hupata kiasi kamili. Tuseme hati ya miezi mitatu inauzwa 97, na ya mwaka mmoja inauzwa 90, na kila moja italipa 100. Ya kwanza, ikihesabiwa kwa mwaka, ni sawa na karibu asilimia 13. Ya pili ni asilimia 11. Ya kwanza yaonekana bora, lakini asilimia 13 hiyo imeahidiwa kwa miezi mitatu tu. Mwenye kuichagua atapata zaidi iwapo tu, katika miezi tisa inayobaki, atapata mahali pa kumpa takriban asilimia 8. Na anayedaiwa salio la jinzi baada ya siku 90 hana haja na hati ya mwaka: akilazimika kuiuza mapema, atapokea bei ya siku hiyo, ambayo huenda ikawa chini ya aliyonunulia.

Tena kuna swali la mdaiwa. Mfumo wa Anchor ulitoa faida ya karibu asilimia 20 kwa sarafu ya TerraUSD, iliyodaiwa kuwa na thamani thabiti ya dola moja. Mwezi Mei mwaka 2022 sarafu hiyo iliporomoka, na akiba za watu katika nchi nyingi zikateketea. Nchini China shughuli za sarafu za namna hiyo zilitangazwa kuwa haramu mwezi Septemba mwaka 2021, kwa hiyo anayepata hasara akiwa huko asitarajie kusaidiwa na mahakama kwa urahisi.

Wakopeshaji wa mwaka 1780 walikuwa angalau na serikali iliyowalazimisha wengine kulipa, ingawa kwa miaka 10. Mwenye hati ya kidijitali mara nyingi hana hata hiyo. Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, anayelinganisha asilimia na aanze na mambo mawili: fedha hizo zinahitajika siku gani, na nani atazilipa siku hiyo ikifika.