Afya ya Wazee wa Usinge: Mzigo Ulioachiwa Familia

Anayetaka kuelewa hali ya wazee wa Usinge, wilayani Kaliua, hana budi kuanza na njia ya misafara iliyounganisha Tabora na Ujiji. Katika karne ya 19, vijana wengi wa Kinyamwezi walikwenda pwani wakati wa kiangazi, pembe za ndovu mabegani, wakapanga kurejea na nguo kabla ya msimu wa kilimo. Wapo waliofia njiani; lakini mzee alijua majira ya kumtazamia mwanawe.

Reli iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914 ilivuruga majira hayo. Aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge aliweza kukaa huko miaka mingi. Mkono wa kulima na kuuguza uliondoka. Ikabaki fedha, nayo ilifika ilipotumwa tu.

Urithi huo ndio ninaouona leo. Tiba ya shinikizo la damu haiishii kwenye vidonge: yahitaji nauli, chakula na mtu wa kumsindikiza mgonjwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitambua haki ya matibabu, lakini matunzo imeiachia familia kama nguzo ya msingi. Zanzibar, tangu Aprili 2016, huwalipa pensheni jamii wakazi waliotimiza miaka 70. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo.

Familia ni nguzo, nakubali. Ila mzee aliyelima maisha yake yote hastahili afya inayotegemea iwapo mwanawe amepata kibarua mwezi huu.