Moto Hausubiri Faili

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ilivuja kwenye kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide mjini Bhopal, India. Maelfu walikufa. Madaktari walipokea watu macho yanawaka, pumzi haitoki, na hawakuambiwa ni sumu gani wanayotibu. Waliokuwa na jibu ni wenye kiwanda.

Kampuni mama ilikuwa ya Marekani, na huko watu walianza kuuliza: je, ikitokea kwetu? Mwaka 1986 ikapita sheria kwamba kampuni yenye kemikali hatari ipeleke orodha yake kwa wazima moto, kwa kamati ya dharura ya eneo na kwa tume ya jimbo. Ipelekwe mapema, si siku ya msiba.

Sisi tulikaa na sheria ya viwanda ya mkoloni, ya 1951, hadi ilipokuja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Hii inamtaka mwajiri awe na karatasi ya usalama ya kila kemikali, na wafanyakazi waweze kuiona. Sawa. Lakini Katiba ya 2010 ikazipa kaunti kazi ya kuzima moto, huku ukaguzi wa sehemu za kazi ukibaki kwa serikali ya kitaifa. Karatasi iko kwa huyu, bomba la maji liko kwa yule. Kwani nani anawakutanisha?

Embakasi, Nairobi, ilituonyesha bei yake. Gesi ililipuka usiku wa 1 Februari 2024. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, ikasema ilikuwa imekataa mara tatu mwaka 2023 maombi ya kujenga kituo cha gesi pale. Yaani hatari ilikuwa kwenye faili, na majirani wamelala.

Mimi niko Garissa. Nilisoma kemia kidogo kabla ya kuacha chuo, na kitu kimoja sijasahau: kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea, yakipata maji hutoa gesi inayoshika moto. Sasa piga picha stoo inawaka, ndani kuna ndoo ya kabaidi, na kijana wa kaunti anafika mbio na maji. Hana kosa. Hakuna aliyemwambia.

Mji wetu una vituo vya petroli, maduka ya dawa za kuogesha mifugo, karakana za kila aina. Orodha ya kilichomo haihitaji kompyuta: ukurasa mmoja ubandikwe mlangoni, nakala ipelekwe kwa wazima moto, ibadilishwe mzigo ukibadilika. Ukipita kazini kwako kesho, uliza iko wapi. Ukiambiwa iko ofisini, uliza tena: na ofisi ikiwa ndiyo inayoungua?