Nyumba ya Vitabu ya Muyinga, na Banda Letu

Wenzangu wameandika katika kitabu hiki habari za makanisa na shule. Mimi nimeomba niandike habari za banda. Watu wa Muyama wasinicheke. Sisi tulio Buha twajua mvua za Oktoba hata Mei, na mtoto asiye na mahali pa kujikinga hasomi.

Kwa jirani zetu wa Burundi, ambao lugha yao na Kiha ni ndugu, upo mji wa Muyinga, upande wa kaskazini mashariki. Huko ilijengwa nyumba ya vitabu mwaka 2012, kwa ajili ya shule ya watoto viziwi na wenzao wasikiao. Walioichora ni wasanifu vijana kutoka Ubelgiji, waitwao BC Architects, wakishirikiana na shirika la Muyinga liitwalo ODEDIM. Vijana hao hawakuanza kwa kalamu. Kwanza walizunguka vijijini yapata miezi miwili, wakitazama jinsi wenyeji wajengavyo, udongo wao, miti yao na mafundi wao. Wakaona ya kuwa katika nyumba za huko maisha hupita barazani: ndipo watu wapumzikapo, wangojapo, wazungumzapo, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Basi wakaifanya baraza ndefu kuwa uti wa mgongo wa kazi yao yote.

Matofali yalikuwa ya udongo wa papo hapo, yakashindiliwa kwa mashine za mkono wala hayakuchomwa, hata kuni zikasalimika. Nguzo zilipangwa karibu karibu ili zitegemeze kuta. Boriti ni za mkaratusi, na vigae vilifinyangwa na kuchomwa na watu wa huko. Kuta zina matundu ya kupitisha hewa. Tena juu, ndani ya chumba, ulitandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, na watoto hupanda wakalala humo na vitabu vyao. Wavu huo ndio unipendezao kuliko vyote.

Sasa niseme yetu, ingawa yatia haya. Kigangoni kwetu tulijenga banda la mafundisho kwa mchoro uliotoka mbali. Tulikata miti mingi kwa kuchoma matofali; mapaa yakawa mafupi, baraza hakuna. Masika ya tatu ukuta wa magharibi ulianguka usiku. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani, kwa maana asubuhi yake watoto wa komunyo ya kwanza wangeketi pale pale. Kila mzee alijua mvua yatoka upande gani, wala hakuna aliyemwuliza. Nami katekista ni mmoja wao wasiouliza.

Tuliujenga upya ukuta ule mwaka uliofuata, wazee wakituonyesha kwa fimbo mahali pa kusimamisha nguzo. Mapaa yalirefushwa hatua mbili, tukapata baraza. Siku ya kwanza ya mvua wazee walikuwa wamekwisha kuketi hapo, nasi na watoto tukawaomba watusogelee kidogo.