Upande wa Pili wa Mnazi Mmoja

Uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, haukubaki wazi kwa bahati. Nyumba za Waafrika zilizokuwa zimesimama hapo zilivunjwa katika miaka ya 1920 na 1930, ukapatikana ukanda mtupu kati ya Kariakoo na Uhindini. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Madaktari wa kikoloni waliamini kwamba mbu akikuta uwanja mpana hatavuka kutoka Uswahilini kuwaambukiza malaria wakazi wa upande wa bahari. Kama mbu waliutii mpaka huo ni habari nyingine. Mabomba, mifereji na taa za barabarani viliutii kwa miaka mingi.

Cha ajabu ni kwamba sheria haikutaja rangi ya mtu. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891, na za Waingereza zilizofuata, zilizungumzia kuta na mapaa. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili ya maduka na makazi, ya tatu ya nyumba za kienyeji. Kuli wa bandarini hakuwa na fedha za mawe na saruji, kwa hiyo kanuni ilimpeleka kanda ya tatu bila kumwita Mwafrika. Akishafika huko, nyumba yake ya miti na udongo ikawa hoja dhidi yake: kodi yake ni ndogo, basi na huduma ziwe ndogo. Sijui hila ya kiutawala iliyodumu kuliko hii katika historia ya mji wetu.

Kariakoo yenyewe ilichorwa vizuri. Wajerumani walilinunua shamba la mlowezi Schöller, wakapima mitaa iliyonyooka na kuanza jengo la soko. Vita vikawakatisha. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo likawa kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, na jina likabaki hapo mpaka leo. Nyumba za Kiswahili zikajipanga kando ya mitaa: ukumbi katikati, vyumba sita, uani choo cha shimo. Mstari wa barabara ulikuwepo. Kilichotakiwa kupita chini ya barabara ndicho kilichochelewa.

Hospitali zinaeleza zaidi. Ile ya Ocean Road, inayopokea upepo wa bahari, ilijengwa na Wajerumani mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Mwaka huohuo alifariki Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, ambaye fedha zake ndizo zilizoanzisha hospitali ya Waafrika na Wahindi. Yaani hospitali ya watu wengi ilitoka mfukoni mwa mfanyabiashara, na kwa takribani miaka 60 ikabeba mzigo uliozidi uwezo wake. Ilirithiwa mwaka 1956 na hospitali ya Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya sasa, ambako jengo moja la wodi bado linaitwa Sewahaji. Ocean Road nayo imekuwa taasisi ya saratani, na mgonjwa wa Mtwara au Mwanza hulala pale ambapo babu yake asingelazwa. Hayo ni mabadiliko ya kweli, na anayeyabeza hajui mji ulikotoka.

Uhuru ulipikwa jirani kabisa na uwanja ule. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jumba la TAA, mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba. Desemba 1975 Mwalimu Nyerere akafungua soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye mapaa ya zege yaliyopanuka kama miavuli na ghorofa ya chini ya ardhi. Nchi ilikuwa imeijengea Kariakoo jengo la fahari kuliko lolote la Uzunguni. Ila katika miaka hiyohiyo, kwa sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri ya jiji ilikuwa imefutwa. Soko likapata jengo, taka zake zikakosa mwenyewe. Halmashauri ilirudishwa mwaka 1978, baada ya kipindupindu kuingia nchini.

Tangu miaka ya 1990 maghorofa yamekula nyumba za vyumba sita. Wapangaji wakahamia Manzese, Tandale, Mbagala, Gongo la Mboto, na mpaka wa zamani ukahama nao. Kariakoo, iliyokuwa ya kunyimwa, sasa ni miongoni mwa maeneo machache yenye bomba la majitaka, hata kama linafurika mitaani. Nje ya hapo jiji kubwa linaishi kwa choo cha shimo. Anayemudu huita gari la kunyonya. Asiyemudu huwaita vyura, vijana wanaoshuka shimoni na ndoo, au husubiri mvua kubwa atapishe choo kwenye mfereji, na uchafu ukamfuata jirani wa bondeni. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, na Tandale na Manzese zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia.

Maji nayo yana bei mbili. Mwenye bomba ndani hulipa kwa uniti. Mwenye dumu hulipia kila safari ya mkokoteni, na lita yake humgharimu mara kadhaa ya ile ya Upanga. Mwaka 2003 tuliambiwa kampuni binafsi, City Water, ingelimaliza tatizo. Mkataba wa miaka kumi ukavunjwa na serikali Mei 2005. Kesi ikaenda mbali: mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa waliona Tanzania imekiuka haki za mwekezaji, Biwater ya Uingereza, lakini hawakumpa fidia. Magazeti yaliandika nani kashinda. Manzese walikuwa kwenye foleni ya madumu.