Maksai wa Mbozi na siri ya kende

Wadau, leo siasa na foleni ya malori ya Tunduma naziweka pembeni. Naongelea kende. Usicheke, hii ni historia.

Msimu wa kulima, ukitoka Tunduma kwenda Vwawa, utawaona maksai wawili wawili wamefungwa nira, plau nyuma yao. Maksai ni dume aliyehasiwa. Wakulima wa huku, Wanyiha, Wanyamwanga na hata Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na mifugo yao, wanajua fika kwamba dume akitolewa kende anapoa. Haachi kazi kukimbilia jike, hapigani na mwenzake wa nira. Lakini kwa nini apoe? Kende ziko huku nyuma, ukorofi uko kichwani. Nani anapeleka habari?

Jibu la kwanza la maana lilitoka kwa kuku. Mwaka 1849, Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alitangaza matokeo ya jaribio lake la majogoo sita wachanga. Wawili aliwahasi kabisa; wakawa wanene, wapole, kilemba kimesinyaa, hawana habari na mitetea. Wengine aliwarudishia kende tumboni, mahali pasipo pake, na baadhi akawapa kende ya mwenzao. Hao waliwika, walipigana, walifukuza mitetea kama kawaida. Alipowapasua akakuta kende imeota mishipa mipya ya damu, lakini mshipa wa fahamu hakuna. Maana yake habari husafiri kwa damu. Leo tunaita homoni, neno lililokuja 1905. Berthold mwenyewe hakusikilizwa kwa miaka mingi.

Aliyesikilizwa haraka ni Brown-Séquard, Paris, 1889. Mzee wa miaka 72 alijidunga maji ya kende za mbwa na simbilisi, akatangaza kwamba nguvu za ujana zimerudi. Ulaya ikachangamka! Ilikuwa imani tu. Kende haziweki akiba, zikitengeneza homoni zinaimwaga kwenye damu. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur kule Amsterdam lilihitaji kilo 100 hivi za kende za mafahali kupata miligramu 10 za testosteroni. Mwili wa mwanamume mzima hutengeneza miligramu 6 hivi kwa siku. Sasa wewe unayeagiza kende za kuchoma baa ukitegemea maajabu usiku, piga hesabu: hizo kilo 100 zote ni homoni ya siku mbili hata hazifiki, na ukiipitisha tumboni ini linaiharibu karibu yote. Kula, ni nyama nzuri, ila usimlaumu mpishi.

Turudi Mbozi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mbozi ikiwa bado Mkoa wa Mbeya (Songwe ilizaliwa 2016), Kanada iligharamia mradi wa Mbeya wa kuendeleza kilimo cha maksai, ukiendeshwa na shirika la MEDA. Ulihimiza ng'ombe afanye zaidi ya kulima: apalilie na kuvuta mkokoteni. Kazi zaidi kwa maksai maana yake kuhasi zaidi.

Kwa kisu ni kidonda, inzi na usaha. Bwana mifugo hutumia koleo la Burdizzo, jina la daktari wa mifugo wa Italia aliyelibuni mapema karne ya 20. Halikati ngozi. Linaponda kamba ya mbegu na mishipa ya damu, kende inakosa chakula na kusinyaa. Hubanwa upande mmoja kwanza, halafu mwingine, na alama mbili zisikutane, la sivyo mfuko wote unakosa damu na kuoza. Na usimchanganye na majike siku hiyo hiyo, mbegu zilizobaki njiani zinaweza kutia mimba wiki kadhaa.

Linalonisumbua mimi ni uchaguzi. Dume mwenye kifua kipana na aliyetulia ndiye anayetamaniwa kwa nira. Akibanwa, ukoo wake unaishia hapo, na anayebaki na majike ni yule aliyekosa kazi. Mfugaji makini humwacha kwanza apate ndama kadhaa, ndipo amwite bwana mifugo. Asichelewe sana lakini, maana dume aliyeshazoea ubabe haachi wote hata kende zikisinyaa.